Wageni wa Makomeo

Palikuwa na nchi, na wewe kama unaijua nyamaza, maana mimi siijui. Iliitwa Jamhuri ya Shwari. Haimo kwenye ramani, na wenyewe wanayo sababu: mchora ramani alipofika huko alikaribishwa vizuri mno, akaondoka bila kalamu, bila karatasi na bila viatu.

Katika nchi hiyo hapakuwa na wezi. Sisemi walikuwa wachache. Hawakuwepo kabisa, kwa kuwa rais wa nchi, Mtukufu Baba Utulivu, alikuwa amewakataza. Aliwakataza kwa tangazo, na tangazo lilipigwa mhuri, sasa mwizi gani angethubutu kuwepo?

Siku moja Baba Utulivu alikuwa akihutubia taifa redioni kuhusu bei ya pamba. Katikati ya pamba akasimama, akavuta pumzi, akasema: "Nchi yetu ni ya amani, ndugu zangu. Nimeambiwa kule Makomeo watu wanalala milango wazi."

Nani alimwambia, hakuna ajuaye. Makomeo ulikuwa mtaa wa nyumba zilizobanana pembeni mwa mji mkuu, na jina lake lilitokana na makomeo kweli. Kila mlango ulikuwa na komeo juu, komeo chini, kufuli katikati, na nyuma yake kinu kizito cha kuegemeza. Lakini neno la Baba Utulivu likishatoka halirudi. Kinachobaki ni ukweli kukimbia nyuma yake mpaka ulifikie.

Bi Mwajabu aliisikia hotuba ile akiwa uani anapepeta mchele. Alikuwa mjane, mtu wa Makomeo tangu ujana wake, mwenye ulimi ambao hata wakwe zake walikuwa wakiuogopa. Alicheka mpaka pumba zikampalia.

"Milango wazi?" alimwambia binti yake, Saumu. "Labda ya friji lake."

Naye alikuwa na haki ya kucheka, kwa sababu mlango wake ndio uliokuwa mlango hasa pale mtaani. Marehemu mumewe, Fundi Chande, aliuchonga kwa mninga mwaka waliooana, akaupamba maua ya yungiyungi pembeni, na akautia bawaba za pini ndefu. Alikuwa na maana yake. Penye harusi mtaani, mtu alitia bega chini ya mlango ule, akauinua mara moja tu, ukatoka mzima mzima, ukalazwa juu ya mapipa na kupakuliwa pilau. Shughuli ikiisha ulirudi mahali pake, unanukia bizari. Fundi Chande alipofariki hakuacha shamba wala nyumba ya pili. Aliacha mlango na binti, akamwambia mkewe kwamba mlango umlinde binti.

Mgeni wa kwanza alifika asubuhi, jua limeshapanda, Bi Mwajabu yuko uani anaosha vyombo na mlango wa mbele umerudishiwa tu.

"Hodi!" sauti iliita, ya adabu kabisa.

"Karibu!" Bi Mwajabu akajibu. Angejibu nini? Mtu aliyelelewa akisikia hodi hujibu karibu, kama vile akisikia chafya humwombea mtu afya. Mdomo hauulizi kichwa.

"Starehe?"

"Starehe! Pita ndani, ukae. Nanawa mikono nakuja."

Alipofika sebuleni hakukuta mgeni. Hakukuta redio pia. Hakukuta na kiti, maana mgeni alikuwa ameambiwa akae, naye akaona akakae kwao.

Bi Mwajabu alijifunga khanga kibwebwe, akaenda polisi. Zamani pale palikuwa kituo cha polisi, lakini tangu wezi wakatazwe palibadilishwa jina, pakawa Ofisi ya Mapokezi. Nyuma ya meza alikaa Sajini Kirobo, kijana mnene mwenye usingizi machoni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba, mwanangu. Nimeibiwa."

Sajini alishtuka kama amemwagiwa maji. Akainuka, akafunga dirisha.

"Mama, ulimi wako! Umefanywa nini?"

"Nimeibiwa. Redio na kiti."

"Hebu tuanze mwanzo. Huyo mtu alivunja dirisha?"

"Hakuvunja."

"Aliruka ukuta?"

"Ukuta uko wapi Makomeo? Alipitia mlangoni, akapiga hodi."

Uso wa Sajini ulilainika. "Akapiga hodi. Na wewe, mama yangu, ukajibuje?"

Bi Mwajabu alikaza fundo la khanga yake.

"Mama?"

"Nilisema karibu."

"Alhamdulillahi!" Sajini alirudi kukaa, ametua mzigo. "Unaona sasa? Kidogo tu unipandishie uhalifu bure. Mtu apigaye hodi akajibiwa karibu ni mgeni, ulimwengu mzima. Na mgeni akiondoka na kitu, kitu hicho kinaitwa zawadi. Hongera kwa ukarimu, mama."

"Sikumpa!"

"Ukarimu wa kweli hautangazwi."

Siku hiyo Sajini Kirobo alijua amegundua dawa. Aliipeleka kwa mkubwa wake, Kamishna Farjala, msimamizi wa usalama wa mji mkuu, mtu mrefu mwenye medali nyingi kifuani kuliko vifungo. Kamishna aliipokea kwa mikono miwili, na wiki ile ile ikawa sheria kwamba penye hodi na karibu hapana kosa.

Habari ziliwafikia pia wale ambao hawakuwepo. Kabla ya hapo walihangaika na nondo na funguo bandia. Sasa wakawa watu wa adabu. Walioga, wakavaa kanzu, wakapita nyumba kwa nyumba mchana kweupe wakipiga hodi. Walijifunza hata sauti. Yupo aliyeita kwa sauti ya shangazi, yupo aliyekohoa kama babu wa jirani, na mmoja alijua kuita kama mama mkwe, huyo alikuta watu wamemwandalia na chai. Makomeo ilijibu karibu, karibu, karibu, na vyombo vikaondoka. Mzee mmoja alitembelewa na mgeni mwenye panga. Sajini alimsikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Huyu kaja na zana zake siku ya kwanza! Mchapakazi huyo. Wangapi wako hivyo?"

Kiwango cha uhalifu Makomeo kilishuka hadi sifuri, na wataalamu wa serikali walipokitazama tena wakakuta kinaendelea kushuka. Redio, kwa wale ambao bado walikuwa na redio, ilitangaza kwamba Shwari sasa ina ziada ya usalama na inatafuta nchi ya kuiuzia.

Bi Mwajabu hakununua kiti kingine. Aliweka akili yake yote kwenye mlango. Alitia komeo mchana, akamwambia Saumu, "Wasafishe dunia nzima, mradi mlango huu upo tutalala." Na walilala.

Ndipo likaja tangazo kwamba Baba Utulivu mwenyewe atapita Makomeo kuiona ile milango iliyo wazi.

Kamishna Farjala aliitisha mkutano uwanjani. Alikuja na magari, na bendi ya tarumbeta, na malori mawili ya washangiliaji kutoka mitaa mingine, kwa kuwa alijua watu wa Makomeo wana aibu ya kushangilia.

"Makomeo oyee!"

"Oyee!" yakajibu malori.

"Ndugu wananchi. Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji apone. Nawauliza, mmepona hamjapona?"

"Tumepona!" yakasema malori.

"Mmepona! Sasa basi, nimepita mtaani humu nimesikitika. Nimeona makomeo. Nimeona kufuli! Ndugu zangu, komeo ni tusi kwa jirani. Kufuli ni uchochezi. Mtu anayefunga mlango anasema nini? Anasema serikali haimlindi. Hayo ni maneno mazito, kuyasema kila jioni!"

Mtu wa nyuma akasema wanaweza kuiacha milango wazi siku hiyo moja ya ziara. Kamishna alitabasamu kwa huruma. Alikwishalifikiria. Wasaidizi wake walijaribu kuifungua milango ya Makomeo asubuhi, lakini upepo wa nchi ile ulikuwa bado haujapata mafunzo, ukawa unaifunga tena. Utafiti ukafanyika. Ikathibitika kwamba mlango ulio wazi daima, mvua au jua, ni ule usiokuwepo.

"Milango yenu itahifadhiwa na serikali," alisema. "Mahali salama."

Watu wa kuing'oa walikuja na lori siku ya pili. Bi Mwajabu alisimama mlangoni mwake, mikono kiunoni, meno yameukamata ulimi. Alikwishaapa hatasema karibu hata apigiwe hodi na malaika.

"Hodi!" walisema.

Aliwakazia macho tu. Walingoja. Sheria ni sheria.

"Hodi wenyewe!"

Na kutoka jikoni, Saumu, msichana aliyefunzwa vyema na mama yake mwenyewe, akajibu kwa sauti tamu: "Karibuni!"

Lori lilipoondoka Saumu alilia mpaka macho yakavimba. Mama yake hakumgombeza. Angemgombeza kwa kosa gani, la kuwa na adabu? Alitundika khanga mahali palipokuwa na mninga, upepo ukaichezea.

Ulipita muda, Saumu akashikwa na homa. Mchana mmoja alikuwa amelala chumbani, mama yake amekwenda kisimani. Mtu alikuja, akapiga hodi kwa sauti ya chini, akajijibu mwenyewe, akapita. Bi Mwajabu aliporudi alimkuta amesimama kando ya kitanda cha binti yake, anafungua mkanda. Aliitupa ndoo. Alishika mchi wa kinu, akampiga nao mgongoni, akampiga tena, akamfukuza mpaka barabarani akipiga mayowe ambayo hakuna mlango uliofunguka kuyaitikia, kwa kuwa haikuwepo milango ya kufunguka. Watu walitoka tu. Bi Hidaya, jirani wa mkabala, alimkumbatia Saumu mpaka alipoacha kutetemeka.

Sajini Kirobo alisikiliza, akauma kalamu.

"Binti alikuwa mgonjwa, mama?"

"Ana homa."

"Basi alikuja kumjulia hali." Akainua macho. "Na wewe ukampiga mgeni? Mama yangu, kwa hilo naweza kukuweka ndani. Nakusamehe kwa sababu ya umri."

Bi Mwajabu aliyatazama macho yale ya usingizi, na chuki aliyoisikia ilimtisha mwenyewe. Tangu siku hiyo, kila jua lilipotua, aliketi kwenye kizingiti, mgongo kwenye fremu moja na miguu kwenye nyingine, mchi magotini. Alikuwa mlango yeye mwenyewe. Na Saumu hakulala. Aliketi pembeni ya chumba amekunja magoti mpaka kidevuni, anasikiliza hatua za wapita njia. Mama yake alimwambia lala mwanangu, nipo. Saumu alimjibu, "Najua upo, mama. Lakini wewe hufungiki."

Baba Utulivu alipita Makomeo ndani ya gari, akaona nyumba zote zimeachama kama vinywa, akafurahi sana. Akaamuru mtaa upewe Kigoda cha Usalama, tuzo kubwa kuliko zote nchini. Tatizo likawa sherehe ifanyike wapi, kwani Makomeo hapakuwa na kiti hata kimoja cha kumkalisha. Viti vyote vilikuwa vimeshatolewa zawadi. Kamishna Farjala, kwa moyo wake mwema, akajitolea kutoa nyumba yake, na wakazi wa Makomeo wakabebwa kwenda kupongezwa huko.

Nyumba ya Kamishna ilikuwa mlimani, nyuma ya ukuta mrefu. Juu ya ukuta palikuwa na vigae vya chupa, juu ya chupa senyenge, na getini walinzi na mbwa. Msije mkafikiri vibaya. Kamishna hakuogopa mtu. Alikuwa tu mtu wa haya, hapendi kuonekana.

Bi Mwajabu aliingia uani na wenzake, akatazama, akatazama tena. Banda la mbwa lilikuwa na mlango wa kijani, nao ulikuwa mlango wa Bi Hidaya. Banda la kuku lilikuwa na mlango wa msikiti. Na mbele ya nyumba, umepakwa vanishi mpya, yungiyungi zake zinang'aa, ulisimama mninga wa Fundi Chande.

"Mbwa," alisema Bi Hidaya pole pole. "Mbwa wake wanalala wamefunga mlango."

Baba Utulivu aliketishwa kivulini. Alikuwa mzee sana na hotuba zilikwishaanza, kwa hiyo alikuwa anasinzia. Kamishna alihutubia, akashangiliwa na malori, kisha akaingia ndani mara moja kuonja kama sambusa za mgeni rasmi zimeiva. Bendi ikapumzika. Uwanja ukatulia.

Bi Mwajabu akainuka. Alipita katikati ya medali na miavuli, akafika barazani, akajiweka sawa khanga, akaita kwa sauti safi aliyofundishwa na mama yake:

"Hodi!"

Na Kamishna naye alikuwa na mama. "Karibu!" akajibu kutoka ndani, mdomo umejaa.

"Starehe?"

"Starehe! Pita!"

Watu wote walisikia. Bi Mwajabu akainama, akatia bega mahali pale pale alipokuwa akilitia mumewe, akainua. Mlango ukatoka kwenye bawaba mzima mzima, kwani ulikuwa haujasahau. Bi Hidaya alikwishafika kushika upande wa pili.

Kamishna akatokeza na sahani mkononi. Aliona mwanga mwingi mno sebuleni kwake, akaona mlango unashuka ngazi.

"Mwizi!" alipiga kelele. "Mwizi! Mkamateni mwizi!"

Neno lile halikuwa limesikika hadharani kwa miaka. Sajini Kirobo alijiziba masikio. Mpiga tarumbeta mmoja alikimbia. Baba Utulivu akafungua jicho moja.

"Farjala. Umesema nini?"

Sahani iliinama mkononi mwa Kamishna, sambusa zikaanguka moja moja.

"Mtukufu, mimi..."

"Nimesikia neno. Nilikuwa nalijua zamani, nikalikataza. Wapo tena? Kwako?"

Kamishna aliutazama mlango. Aliitazama medali yake ya karibuni, ile aliyopewa kwa uhalifu kushuka hadi sifuri. Alimeza kilichokuwa mdomoni.

"Nimesema mgeni, Mtukufu. Mama huyu amepiga hodi, nami nimemkaribisha."

"Na huo mlango?"

"Nimempa zawadi."

"Ah!" Baba Utulivu alifurahi. "Hawa ndio vijana wangu. Lakini kwenu mnaachaje mgeni aondoke na mzigo peke yake, tena mwanamke? Msindikize, Farjala! Ubebe wewe."

Watu wa Makomeo walikuwa wameelewa. "Hodi!" aliita wa kwanza. "Hodi! Hodi!" wakaita wengine, na Baba Utulivu, ambaye hajawahi kuona wananchi wenye adabu kiasi kile, akawa anawajibu mwenyewe kwa kupunga mkono, "Karibuni, karibuni wanangu!" Waliondoka na milango yao, na viti walivyovitambua, na kochi moja ambalo hakuna aliyelitambua. Mbwa walibaki wazi. Kamishna Farjala alishuka mlima na mninga kichwani, medali zinalia kifuani, na Bi Mwajabu nyuma yake akimwambia, "Taratibu mwanangu, usinikwaruzie."

Jioni ile mlango ulirudi kwenye pini zake. Bi Mwajabu alitia komeo la juu, la chini, akaegemeza kinu. Saumu alilala kabla ya kula. Mama yake alimtazama akipumua, akalia kidogo, machozi ya furaha na ya hasira, hakuyatenganisha.

Siku ya pili jua lilikuwa linaelekea magharibi waliposikia mtu nje.

"Hodi!"

Saumu alifungua mdomo. Mama yake akamziba kwa kiganja.

"Hodi, jamani! Hodi wenyewe!"

Sauti ilikuwa ya mwanamke, kama ya jirani. Lakini sauti walikwishazijua. Walibaki wameshikana. Hodi ya tatu ilipigwa kwa unyonge, kisha hatua zikaondoka.

Baada ya muda mrefu Bi Mwajabu aliondoa kinu, akafungua. Kizingitini palikuwa na bakuli limefunikwa kawa. Ulikuwa uji wa pilipili manga, ule anaopikiwa mtu aliyetoka kwenye homa, na bakuli lilikuwa la Bi Hidaya.

Alilichukua. Bado lilikuwa na joto. Aliangalia ng'ambo ya njia: mlango wa kijani ulikuwa umefungwa, una alama za makucha ya mbwa chini. Alivuka, bakuli mkononi, akasimama mbele yake.

"Hodi," aliita. "Hodi, Bi Hidaya. Ni mimi, Mwajabu. Hodi."

Ndani alisikia mtu akitembea, kisha akamsikia akisimama.